Pezi Lililochanika Si Lazima Liwe Ugonjwa: Dhana Potofu Kuhusu Ugomvi wa Samaki wa Maji ya Chumvi

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba pezi la samaki likichanika, dawa itiwe mara moja katika tangi la kioo anamofugwa. Ukweli ni kwamba majeraha mengi ya mapezi husababishwa na meno ya samaki mwenzake, na pezi lililong'atwa huota tena bila dawa yoyote iwapo maji ni safi na shina la pezi halikuguswa. Kwanza hujitokeza utando mwembamba usio na rangi, unaoangaza kama nailoni ukingoni mwa jeraha, kisha rangi hufuata baadaye. Wafugaji wengi huuona utando huo wakadhani ni ukungu, wakamtibu samaki ambaye tayari anapona.

Ng'ato huacha mkato safi, pengo la nusu duara au mpasuko kati ya miiba ya pezi. Uozo wa bakteria huacha ukingo uliochakaa, mweupe au mwekundu, unaosogea kuelekea mwilini siku hadi siku, na huo ndio unaohitaji tiba. Vivimbe vyeupe vinavyofanana na koliflawa ni limfosistisi, ugonjwa wa virusi ambao kwa kawaida huisha wenyewe na ambao antibiotiki haiwezi kuutibu. Tiba ikihitajika, itolewe katika tangi la pembeni, kwa sababu antibiotiki inaweza kuua bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, majini, na dawa ya shaba huua kamba, konokono na matumbawe.

Wengine huamini kwamba samaki mdogo hawezi kuwa mchokozi. Damseli, ambaye wengi wa jamii yake hawafiki urefu wa kiganja, akishalimiliki pango humfukuza hata samaki aliyemzidi ukubwa mara kadhaa. Kangaja naye, anayeonekana mtulivu akichuna mwani, amebeba wembe kila upande wa shina la mkia wake: akikasirika hugeuka ubavu, huukunja mkia kumwelekea jirani, kisha huuchapa ghafla. Mchoro mmoja ulionyooka ubavuni mwa samaki, kama uliochorwa kwa rula, aghalabu ni kazi ya wembe huo wala si ya meno.

Dhana ya tatu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa huua polepole: kwamba samaki waachwe, wataelewana wenyewe. Baharini aliyeshindwa hukimbia akaenda mbali. Tangini akikimbia hukutana na kioo. Hapo hujibanza pembeni karibu na uso wa maji au nyuma ya hita, kifaa cha kupasha maji joto, huacha kula, na mfadhaiko humfungulia mlango wa maradhi. Si kila kufukuzana ni hatari, hata hivyo. Kati ya samaki wa anemoni, wale wanaoishi ndani ya mnyama wa baharini anayefanana na ua, mkubwa kuliko wote ni jike, na wadogo hutetemeka mwili mbele yake kuonyesha utii, mtetemo ambao wageni wa ufugaji huudhania kuwa ugonjwa. Kipimo changu ni hiki: je, anayefukuzwa bado anakula, na je, majeraha mapya yanaongezeka? Akiwa ameacha kula, au jeraha jipya limetokea, uamuzi usingoje kesho.

Uamuzi wenyewe nao mara nyingi hukosewa, kwani mfugaji humtoa aliyeumia, na akirudi hupokewa kama mgeni na kupigwa upya. Atolewe mchokozi, isipokuwa majeruhi ni mahututi. Mchokozi akae siku kadhaa katika tangi jingine au kwenye kisanduku chenye matundu, na mawe yapangwe upya ili mipaka yake ya zamani ipotee kabla hajarudi. Kuongeza ukubwa wa tangi husaidia, lakini tangi kubwa lisilo na mapango ni uwanja wa mbio tu. Wapole watangulie kuingizwa na wakali wawe wa mwisho, na wanaofanana umbo na rangi wasichanganywe ovyo, maana hao ndio wanaoonana kuwa wapinzani.

Wapo wachokozi wachache wasiobadilika kamwe, na kwao huzuka dhana nyingine, kwamba kuwaachia baharini ni huruma. Samaki simba, ambaye asili yake ni bahari za Hindi na Pasifiki, alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na biashara ya samaki wa mapambo ndiyo inayodhaniwa kumfikisha huko. Leo ameenea hadi Karibi, akila samaki wachanga wa miamba. Mchokozi sugu apewe mfugaji mwenye tangi linalomfaa.