Sanaa ya kejeli: pesa na upumbavu katika picha za Hogarth

Sanaa ya kejeli ni uchoraji unaomcheka mtu, au tabaka zima la watu, ili kumfichua. Mchoraji hana haja ya kutukana. Anamweka mlengwa wake sebuleni kwake, kavaa akapendeza, kisha anaacha vitu vilivyomzunguka vimuumbue.

London ya karne ya 18 ilikuwa na wa kuchekwa tele. Wafanyabiashara walikuwa wametajirika wakawa wanatamani vyeo. Makabaila walikuwa na vyeo huku madeni yakiwabana. Katika kuwachora watu hao, hakuna aliyemfikia William Hogarth (1697–1764).

Chukua Marriage A-la-Mode, mfululizo wake wa picha sita wa mnamo 1743. Katika picha ya kwanza ndoa inapangwa. Kabaila mwenye jongo ameegesha mguu wake uliofungwa bendeji juu ya kigoda, anaonyesha kwa kidole mti wa ukoo wake. Baba wa binti, mfanyabiashara, anausoma mkataba kwa makini, na pesa zake zimeshamwagwa mezani. Nje ya dirisha linaonekana jumba jipya la kabaila, halijaisha. Maharusi wenyewe wamekaa wamepeana migongo: kijana anajitazama kwenye kioo, binti anamsikiliza wakili anayemnong'oneza. Karibu yao mbwa wawili wamefungwa mnyororo mmoja, na hakuna anayemjali mwenzake. Hapo ndoa nzima imeshaelezwa.

Ikifika picha ya sita, wakili amemuua mume na kunyongwa, mke amekunywa sumu, na baba mtu anamvua binti yake pete kidoleni. Sijaona ubahili uliochorwa kwa ukatili kuliko huo.

Picha za rangi zilionwa na wachache. Kejeli ilienea kwa sababu ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa wino na kuchapwa karatasi nyingi za kuuzwa. Wezi wa kazi za watu nao hawakulala. Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1735 iliyompa mchongaji haki ya kazi yake kwa miaka 14, na Hogarth, aliyekuwa mstari wa mbele kuidai, aliichelewesha A Rake's Progress, mfululizo wake mwingine, mpaka sheria hiyo ilipoanza kufanya kazi. Seti yake ya picha nane iliuzwa gini mbili (sarafu za dhahabu za Uingereza ya wakati huo), bei ambayo kibarua hakuiweza. Kwa hiyo waliochekwa ndio hasa walionunua.

Katika A Rake's Progress kijana Tom Rakewell anarithi mali ya baba bahili, anaitapanya kwa nguo, ulevi na kamari, anamwoa kikongwe tajiri, anazitapanya pesa za huyo pia. Anaishia Bedlam, hospitali ya wagonjwa wa akili, baada ya kupitia Fleet, gereza la wadaiwa. Hogarth hakuhitaji kusimuliwa habari za Fleet: baba yake mwenyewe alifungwa humo kwa madeni.