Magugu maji na bakteria vinaweza kuondoa zebaki kwenye maji?

Tukipanda magugu maji kwenye bwawa la marudio (mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa) karibu na karasha (mashine ya kusaga mawe hayo), yataondoa zebaki?

Yatanasa sehemu yake. Mizizi hushika zebaki nyingi kuliko majani, kwa hiyo ng'oeni mmea mzima. Mkikata majani tu, mmefanya kazi bure. Ng'oeni ungali kijani, kwa sababu ukioza zebaki hurudi majini na uozo humaliza oksijeni. Kwenye tope lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaogeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, sumu ya neva inayojikusanya kwa samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao, na kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Bwawa lililopandwa kisha likatelekezwa ni hatari. Na kama maji yake hufurikia mtoni au ziwani, msipande kabisa. Magugu hayo yataenea.

Yaliyovunwa tuyapeleke wapi?

Yasilishwe mifugo, yasifanywe mboji, na kamwe yasichomwe: moto huitoa zebaki kama mvuke, nanyi mtaivuta. Vaeni glavu, yafungeni kwenye mapipa yenye mfuniko, kisha ulizeni mamlaka ya mazingira, NEMC (Tanzania) au NEMA (Kenya), mahali pa kupeleka taka hatari.

Na bakteria je?

Baadhi ya bakteria wa jamii ya Pseudomonas wana kimeng'enya kinachogeuza zebaki iliyoyeyuka majini kuwa zebaki ya metali, ile ya matone. Ujerumani walitumiwa kwenye tangi la lita 700 kusafisha majitaka ya kiwanda cha klorini, yenye miligramu 3 hadi 10 za zebaki kwa lita. Kwanza tindikali ilipunguzwa hadi pH 7 (maji yasiwe tindikali wala besi), bakteria wakalishwa sukari na dondoo ya hamira, matone ya zebaki yakabaki tangini, na maji yakamalizikia kwenye kichujio cha mkaa. Wakikosa chakula, au zebaki ikizidi uwezo wao, kazi husimama. Msiwamwage bwawani: zebaki ya metali huvukiza, ndiyo maana tangi lazima lifungwe.

Maji hayo yanafaa kunywewa?

Hapana. Lengo pale lilikuwa kushuka chini ya miligramu 0.05 kwa lita, kiwango cha kumwaga majitaka. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza zebaki isizidi miligramu 0.006 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi zebaki, na maji yanaweza kuwa maangavu huku yana sumu. Sampuli ipimwe maabara.