Rangi Haiondoi Kuvu: Wanachokosea Wenye Nyumba Mombasa

Tangu masika yaanze nimeitwa katika nyumba kadhaa, kuanzia Kibokoni hadi Nyali, na karibu kila mwenyeji amenipokea kwa ombi lilelile: nifute ukuta ulioota kuvu kwa klorini, nipake rangi ya kuzuia kuvu juu yake, kazi iishe siku hiyo hiyo. Dhana hii hunikera kuliko zote, kwa kuwa wanaoiamini hurudia gharama hiyo kila mwaka huku ukuta ukizidi kuharibika.

Kuvu haioti pasipo unyevu, na klorini haiondoi unyevu. Juu ya kigae hufanya kazi vizuri, lakini katika plasta, mbao au jiwe la matumbawe klorini yenyewe hubaki juu, ilhali maji iliyochanganywa nayo hupenya ndani na kuzinywesha nyuzi za kuvu zilizosalia. Isitoshe, hata kuvu iliyokufa huweza kumsumbua mwenye pumu au mzio, kwa hiyo haitoshi kuiua. Ni lazima iondolewe. Ndiyo maana mimi hutangulia na kipima unyevu, nikitafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta, ufa wa paa la zege, au mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ulioziba. Chanzo kisipozibwa na ukuta usipokauka, rangi itabambuka, iwe ya bei gani.

Katika Mji wa Kale kosa hili ni kubwa zaidi. Kuta zile za matumbawe na chokaa huachia unyevu unaopanda kutoka ardhini utoke polepole hewani, lakini zikishapigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu hunaswa, ukapanda juu zaidi, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vikaanza kuoza. Bibi mmoja aliniambia, “Mwanangu, marehemu baba alikuwa akipaka chokaa kila mwaka, na haya hatukuyaona.” Alisema kweli, kwani chokaa huuacha ukuta upumue na ukali wake huizuia kuvu kushika. Nawasihi wenye nyumba hizo warudi kwenye chokaa, hata fundi wao akisisitiza kwamba saruji ni imara zaidi.

Wapo wanaoogopa kuvu nyeusi pekee na kuipuuza ya kijani au ya kijivu, ingawa rangi haiwezi kukujulisha ipi ina madhara, na zote huondolewa. Kwa sababu hiyo hiyo, kuvu ikishaonekana kwa macho, kwa kawaida hakuna haja ya kulipia vipimo vya maabara. Fedha hizo zitengeneze bomba. Unga mweupe chini ya ukuta nao mara nyingi si kuvu bali ni chumvi: udondoshee maji, na ukiyeyuka, ni chumvi.

Si kila doa linahitaji mtaalamu. Eneo lisilofikia mita moja ya mraba unaweza kulisugua mwenyewe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glavu na barakoa ya N95 (ile inayochuja chembe ndogo za hewani), kisha ulikaushe kabisa. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu haisuguliwi; hukatwa na kutupwa. Chochote kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijapata nafasi.

Mwisho ni wale wanaoamini kwamba madirisha wazi yanatosha. Yanasaidia kutoa mvuke wa jikoni na bafuni, lakini wakati wa mvua hewa ya pwani huingia imejaa unyevu, na ikigusa ukuta uliopozwa na kiyoyozi hugeuka matone nyuma ya kabati. Ukiwasha kiyoyozi, funga madirisha, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, na uweke chumbani kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, ukijitahidi usizidi asilimia 60.