Je, wajua? Amazon haikuingia kwenye klaudi kwa kuuza seva zilizobaki

Muulize mtu anayefuatilia teknolojia ilikuwaje duka la vitabu la mtandaoni likaishia kukodisha kompyuta kwa mabenki, magazeti na hata shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wengi watakupa jibu moja, tena kwa kujiamini: Amazon walinunua seva nyingi, yaani kompyuta za kuendeshea tovuti, kwa ajili ya msimu wa Krismasi, msimu ukiisha seva zinakaa bure, wakaona bora wazikodishe, na hapo ndo ikazaliwa AWS (Amazon Web Services), tawi lao la klaudi, yaani la kukodisha kompyuta kupitia mtandao. Stori tamu, fupi, inaingia akilini haraka, ndo maana imerudiwa miaka na miaka mpaka imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Lakini si kweli, na aliyeikanusha ni mtu wa ndani kabisa. Werner Vogels, ofisa mkuu wa teknolojia wa Amazon tangu 2005, aliandika waziwazi mwaka 2011 kwamba haikuwahi kuwa habari ya kuuza ziada, na kwamba kama wangetegemea ziada ya duka basi ndani ya miezi 2 tu tangu huduma ianze ingekuwa imeshaisha yote. Pamoja na hayo stori imeendelea kutembea, na nadhani ni kwa sababu watu hawajakaa wakaifikiria mpaka mwisho, kwa hiyo tuifikirie.

Chukua mwenye nyumba mwenye watoto wanne, wote wako bweni, vyumba vyao viko wazi, akaamua kupangisha. Januari hadi Novemba mambo yanaenda, kodi inaingia. Desemba shule zimefungwa, watoto hao mlangoni na mabegi yao, sasa wapangaji anawapeleka wapi? Hawezi kumwambia mtu hama wiki mbili za sikukuu halafu urudi Januari, hakuna mpangaji wa hivyo. Duka la Amazon nalo watoto wake wanarudi mwisho wa Novemba, wakati Wamarekani wanaanza kununua zawadi, na hapo duka linahitaji kila seva iliyopo. Tena mteja anayekodi seva mara nyingi naye ni mfanyabiashara, msimu wake ni huohuo, yaani anataka chumba cha pili wakati uleule ambao wewe unataka kumtoa kwenye cha kwanza. Biashara ya ziada ingekufa Desemba ya kwanza.

Halafu kuna shida ya pili ambayo watu hawaigusi kabisa. Vyumba vile viko ndani ya nyumba ya familia. Mpangaji akitaka kutoka anapita sebuleni, choo ni kimoja, umeme ni mita moja, na usiku akiamua kufungua kabati la baba hakuna cha kumzuia. Seva za duka zilikuwa hivyohivyo, zimejengwa kwa ajili ya familia, kila programu inamuamini mwenzake, hakuna ukuta wa kumtenga mgeni wala njia ya kujua nani katumia kiasi gani. Ukitaka kuishi kwa kodi lazima ujenge nyumba ya kupangisha tangu msingi, kila chumba na mlango wake wa nje, ufunguo wake na LUKU yake. Kwenye kompyuta kazi hiyo ilifanywa na programu inayoitwa Xen, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Inakaa chini kabisa ya seva, inaigawa kompyuta moja kubwa iwe kompyuta kadhaa za kufikirika, na kila mpangaji anaona kama mashine nzima ni yake peke yake, hamuoni jirani wala jirani hamuoni, na matumizi yake yanaweza kuhesabiwa peke yake. Huwezi kuipata nyumba ya namna hiyo kwa bahati tu eti kwa sababu watoto wameenda bweni.

Na ushahidi mzito kuliko wote ni tarehe. AWS ilianza kuuza kwa umma mwaka 2006. Duka lenyewe la Amazon lilikuja kuhamishia seva zake za tovuti kwenye AWS Novemba 2010, zaidi ya miaka 4 baadaye. Yaani ni mwenye nyumba ndiye aliyehamia kwenye nyumba ya wapangaji, tena baada ya kuona wapangaji wanaishi vizuri kumzidi.

Sasa chanzo chenyewe kilikuwa nini? Historia ya nyuma wengi mnaijua: Jeff Bezos alianzisha kampuni 1994, akafungua tovuti 1995 akiuza vitabu, akaingiza hisa sokoni 1997, kisha akaongeza muziki, filamu na kila kitu. Kinachohusika hapa ni kwamba kufikia miaka ya 2000 mwanzoni Amazon ilitaka kuwajengea maduka ya mtandaoni wafanyabiashara wengine, Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, wakiwemo, na walipoanza kuchomoa sehemu za mfumo wao ili wampe mtu wa nje wakakuta hazichomoki. Kila kitu kilikuwa kimeshikana na kingine, ukigusa orodha ya bidhaa malipo yanalalamika. Andy Jassy, aliyekuja kuiongoza AWS na tangu 2021 ndiye mkuu wa Amazon nzima, ameeleza kwamba hata miradi ya ndani ilikuwa inachelewa vibaya, timu inapewa miezi 3 ya kujenga kitu kizima, na miezi hiyo 3 inaishia kwenye kutengeneza databesi, sehemu ya kuhifadhi data na sehemu ya kuendeshea programu, halafu timu ya jirani inafanya kazi ileile upya bila kujua.

Dawa waliyochagua ilikuwa kali. Bezos alitoa amri kwamba kila timu iweke data na kazi zake nyuma ya njia rasmi ambayo programu za timu nyingine zitaingilia, hizi ndo zinaitwa API, na hakuna kupita dirishani. Zaidi ya hapo, kila njia ijengwe kwa namna ambayo siku moja inaweza kufunguliwa kwa watu wa nje. Amri hii imekuwa maarufu sana, ila ijulikane kwamba tunachokisoma kila siku mtandaoni kinatokana na kumbukumbu ya Steve Yegge, injinia aliyewahi kufanya kazi Amazon, aliyoiandika 2011, kwa hiyo roho ya amri ichukuliwe, maneno yenyewe yasichukuliwe kama nukuu.

Kuhusu nani hasa alipata wazo la kuuza, kuna masimulizi mawili. Jassy anakumbuka kikao cha viongozi nyumbani kwa Bezos mwaka 2003, walipokuwa wanaorodhesha vitu wanavyovifanya vizuri kuliko wengine, wakagundua kuendesha mitambo mikubwa kwa gharama ndogo ni mojawapo. Upande wa pili, Benjamin Black na bosi wake Chris Pinkham waliandika waraka mwaka huohuo 2003 wa kupanga upya mitambo ya Amazon, na karibu na mwisho wakagusia kwamba seva za kufikirika zinaweza kuuzwa kama huduma. Mimi sioni kama masimulizi haya yanapingana, kampuni kubwa wazo moja linaweza kuchipuka sehemu mbili. Lakini angalia kitu kimoja, kwenye yote mawili hakuna anayeanza na seva zilizokaa bure Januari. Kilichokuwepo kingi ni ujuzi, na pengine hapo ndipo ile stori ya ziada inapokaribia ukweli kidogo, maana misimu ya Krismasi ndiyo iliyowafundisha kuendesha seva nyingi bila kupoteza hela.

Hapa kuna kipande ambacho sisi Waafrika tungetakiwa kukisimulia kwa sauti. Pinkham alikuwa ametokea Afrika Kusini na alitaka kurudi huko. Amazon badala ya kumpoteza wakamwambia aende akaijenge huduma hiyo hukohuko, kwa hiyo EC2, huduma ya kukodisha kompyuta ambayo ndiyo moyo wa AWS, ilitengenezwa na timu ndogo iliyokaa Cape Town, mbali kabisa na makao makuu ya Seattle. Watu wengi wanaoitumia kila siku, hata hapa kwetu, hawajui hilo. Vituo vya data vya AWS vyenyewe vilifika Cape Town Aprili 2020.

Machi 2006 ikatoka S3, ya kuhifadhi mafaili, kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Agosti ikafuata EC2, kompyuta yenye memori ya gigabaiti 1.75 na diski ya gigabaiti 160, kwa senti 10 kwa saa. Bei hiyo ndo iliyobadilisha mambo. Kabla ya hapo ukitaka seva unanunua mwenyewe au unasaini mkataba na kulipa ya miezi kadhaa mbele, kama kodi zetu za miezi sita, halafu unasubiri. Hapa ukawa unalipia saa, ukimaliza unazima.

Tazama mwaka 2007 gazeti la The New York Times. Lilikuwa na picha za kurasa zake za zamani kuanzia 1851, makala kama milioni 11, data yenye ujazo wa terabaiti 4 hivi, na lilitaka kila makala iwe faili la PDF. Kwa seva zao wenyewe ingekuwa kazi ya muda mrefu na maombi ya bajeti. Injinia wao mmoja akapakia picha zote S3, akawasha kompyuta 100 za EC2, na chini ya saa 24 kazi ikaisha. Piga hesabu: kompyuta 100, saa 24, senti 10, ni kama dola 240. Baada ya hapo akazizima zote 100, na hakuna aliyebaki na seva mia moja za kutafutia kazi.

Washindani wa Amazon walichelewa kushtuka. Google walileta huduma yao ya klaudi, App Engine, 2008, Microsoft walifungua ya kwao, Azure, rasmi 2010, na Amazon wenyewe walikuwa wanaficha mapato ya AWS ndani ya mstari wa "mengineyo" kwenye hesabu zao hadi Aprili 2015, walipoyatenga kwa mara ya kwanza na wawekezaji wakaona kumbe kinachotengeneza faida ndo kile. Mwaka 2024 AWS iliingiza dola bilioni 107.6 kati ya bilioni 638 za Amazon nzima, yaani moja ya sita tu ya mauzo, lakini kwenye faida ya uendeshaji ilileta bilioni 39.8 kati ya 68.6. Ukiitazama kwa macho ya mhasibu, duka ndilo limekuwa biashara ya pembeni, japo lenyewe ndilo linaloonekana na ndilo lenye maboksi mitaani.

Hata Netflix, ambayo inagombea watazamaji haohao na Prime Video ya Amazon, ni mpangaji. Agosti 2008 databesi yao iliharibika wakashindwa kutuma DVD kwa wateja siku 3, wakaamua kuachana na vituo vyao vya data, na kuhama huko kukakamilika Januari 2016.

Kujenga nyumba moja wakaishi wote humo kuna gharama yake. Tarehe 28 Februari 2017 injinia wa AWS alitaka kuondoa seva chache za S3 kwenye vituo vya Virginia ili kutafuta tatizo la mfumo wa malipo, akakosea kuandika amri, zikaondoka nyingi kuliko alivyokusudia, na kwa saa kadhaa tovuti na programu chungu nzima zikalala. Wateja wakakimbilia ukurasa wa AWS unaoonyesha kama huduma ziko salama, wakakuta alama zote za kijani, maana ukurasa huo nao ulikuwa unategemea S3 ileile iliyoanguka, kwa hiyo haukuweza kujibadilisha, ikabidi Amazon watoe taarifa kupitia Twitter. Na Oktoba 20, 2025 vituo hivyohivyo vya Virginia vilipopata hitilafu nyingine kubwa, kati ya walioathirika ilikuwemo Alexa, msaidizi wao wa sauti, na duka la Amazon lenyewe.