Uonevu shuleni: simu si mchawi, wala si mganga

Dhana: Tukipiga marufuku simu, uonevu utaisha.

Mono (mwanafunzi mgeni) wa Kenya aliyefulishwa nguo za wakubwa wa bweni, na mwenzake wa Tanzania aliyenyang'anywa sukari wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, hawakuonewa kwa intaneti. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja. Walioonewa mtandaoni walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Marufuku ina faida zake darasani, sibishi, ila grupu la WhatsApp la darasa huchangamka usiku na likizoni, tena mara nyingi kwa simu ya mama.

Dhana: Shule ikinunua programu ya kuripoti, kazi imekwisha.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Taarifa ikitumwa saa nne usiku, nani anaisoma? Kama jibu ni "mfumo", hakuna anayeisoma.

Tazama Finland. Mpango wao wa KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2009, una michezo ya kompyuta ambamo mtoto hutembea ndani ya shule ya kubuni, akakuta mwenzake anaonewa, akachagua la kufanya. Wanafunzi pia hujaza dodoso mtandaoni bila kutaja majina. Lakini pamoja na hayo yapo masomo ya darasani, na kila shule huwa na timu ya angalau watu wazima watatu wanaokaa na aliyeonewa, kisha na waliomwonea, halafu wanarudi baadaye kuangalia kama wameacha. Mlengwa mkubwa wa mchezo ule ni mtoto anayesimama pembeni akicheka, kwa sababu mwonevu asipopata watazamaji hupoa. Sisi tunapenda kununua kompyuta na kuisahau ile timu.

Dhana: Mtoto akitukanwa afute ujumbe na kujitoa kwenye grupu.

Akifuta, amefuta ushahidi. Tuseme sura yake imegeuzwa stika na darasa zima linaitumia kumcheka. Kwanza apige picha ya skrini inayoonyesha jina la grupu, saa na tarehe. Kisha abonyeze jina la mtumaji mpaka namba ya simu ionekane, apige nyingine. Jina "Mudi Mkali" peke yake halimsaidii mwalimu wa nidhamu. Baada ya hapo ndipo aripoti WhatsApp, na akitaka amzuie. Anayeripotiwa haarifiwi.

Dhana: Video ya mwanafunzi akipigwa isambazwe ili wahusika wakamatwe.

Anayekumbukwa na watazamaji ni aliyepigwa. Mpelekee mkuu wa shule, ustawi wa jamii au polisi, basi.

Dhana: Ni utoto tu, sheria haihusiki.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018. Mtoto hushughulikiwa kwa taratibu za watoto, kweli; shangazi aliyeingia kwenye grupu kumtetea mpwa wake kwa matusi hana kinga hiyo.

Dhana: Bila simu janja hakuna msaada.

Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure Tanzania na Kenya, hata kwa kitochi. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, au mzazi, au jirani. Shule iibandike bwenini na ndani ya milango ya vyoo, si kwenye ubao wa matangazo pekee: anayeihitaji hawezi kusimama kuinakili huku wanaomwonea wako nyuma yake.