Umeendesha Uwanja wa Ndege wa Jeshi: Mwajiri wa Uraiani Aisomeje Kazi Yako?

Wasifu wa askari aliyetumikia kiwanja cha ndege cha jeshi kwa kawaida huanza na cheo, ukafuata kikosi, kozi alizohudhuria na nishani alizovishwa. Chini kabisa, kwa mstari mmoja, huandikwa "msimamizi wa shughuli za kiwanja". Afisa ajira wa kiwanja cha raia akiusoma, anachokiona ni mtu mwenye nidhamu. Nidhamu ni jambo jema, lakini hata mlinzi wa getini anayo, na huko getini ndiko baadhi ya askari hawa wanakopelekwa, ilhali jana tu walikuwa wakiamua kama njia ya kurukia ndege itumike au ifungwe. Ule mstari mmoja wa chini ndio uliopaswa kujaza ukurasa.

Tatizo hili lina chanzo cha kisheria. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, unasema katika kifungu chake cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia peke yake. Ndege za jeshi, forodha na polisi zinahesabiwa kuwa ndege za serikali na hazimo. Kwa hiyo viwanja vya raia vikafuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hasa Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo, na kila jeshi likajiandikia taratibu zake. Taratibu hizo mara nyingi zinafanana sana na zile za raia, ila majina, fomu na ngazi za mamlaka ni tofauti. Mtu wa upande mmoja akizungumza, wa upande wa pili husikia lugha ngeni hata pale wanapozungumzia tope lile lile juu ya lami.

Humo humo kuna habari njema. Tangu Novemba 2003, viwanja vinavyopokea safari za kimataifa vinatakiwa viwe na cheti cha usalama, na cheti hicho hupewa kiwanja, si mtu. ICAO haijaweka leseni ya mtu binafsi kwa afisa uendeshaji wa kiwanja kama ilivyo kwa rubani au mwongoza ndege. Mlango haujafungwa kwa karatasi usiyokuwa nayo. Mwajiri atakupima kwa ushahidi wa ulichofanya, na ushahidi huo ni lazima umletee kwa namna anayoweza kuisoma.

Chukua ukaguzi wa njia ya kurukia, kwa sababu hapo ndipo askari ana utajiri mwingi kuliko anavyodhani. Kiambatisho cha 14 kinataka njia za viwanja vikubwa, vile vinavyohudumia ndege zinazohitaji mita 1,200 au zaidi kuruka, zikaguliwe angalau mara mbili kwa siku, na za viwanja vidogo angalau mara moja. Jeshini ukaguzi huu ni mazoea: askari wanajipanga mstari, wanatembea macho chini wakiokota skrubu, mawe na vipande vya waya, kwa sababu injini ya ndege ya kivita humeza kila kilicho mbele yake. Raia nao wanajua gharama ya uzembe huo. Tarehe 25 Julai 2000, ndege ya abiria aina ya Concorde iliyokuwa ikiruka kutoka Paris ilikanyaga kipande cha titani chenye urefu wa takriban sentimita 43, kilichodondoka kutoka ndege iliyotangulia. Tairi ilipasuka, mabaki yake yakapiga bawa lenye tangi la mafuta, na watu 109 waliokuwemo pamoja na wanne waliokuwa ardhini wakapoteza maisha.

Kwa hiyo usiandike "nilishiriki ukaguzi". Andika kwamba ulikagua njia ya kurukia, viungio (njia zinazoiunganisha na maegesho) na maegesho yenyewe kila mwanzo wa zamu. Kwamba ulikuwa na mamlaka ya kuifunga njia bila kusubiri amri ya juu. Kwamba ulitoa notam, yaani tangazo rasmi la kuwatahadharisha marubani, na kuifuta kasoro ilipoondolewa. Kwamba uliratibu mnara wa kuongozea ndege, zimamoto na mafundi wa taa kwa wakati mmoja. Taja watu wangapi walikuwa chini yako kwa zamu na aina za ndege mlizohudumia, kama si siri. Msomaji wa uraiani atatambua kila neno hapo, kwa kuwa ndiyo kazi anayotafuta mtu wa kuifanya.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo aliyetoka jeshini anapaswa kuyasoma kabla ya usaili, maana yamebadilika si zamani. La kwanza ni namna ya kuripoti hali ya uso wa njia. Tangu 4 Novemba 2021 viwanja vya raia vinatumia mfumo mmoja wa dunia nzima: njia hugawanywa mara tatu kwa urefu wake, na kila theluthi hupewa namba, kuanzia 6 ikiwa ni kavu hadi 0 ikiwa breki hazishiki kabisa. Aliyezoea kupima kina cha maji au utelezi kwa taratibu za jeshi lake ataelewa mantiki hii kwa siku moja, lakini asipoijua atashangaza wasaili. La pili ni nguvu ya lami. Namba ya zamani ya kuonyesha uwezo wa lami kubeba ndege, PCN, ilianza kuiachia nafasi yake namba mpya, PCR, tarehe 28 Novemba 2024. Anayeongelea PCN tu anajitangaza mwenyewe kwamba amekaa nje ya uwanja muda mrefu.

Sasa upande mgumu, ambao kwa maoni yangu wasaili wanautilia shaka kuliko ujuzi wa kiufundi. Jeshini kamanda akisema kiwanja kimefungwa, ndege zinasubiri. Uraiani uamuzi wa kufunga njia kwa dakika 20 unabaki kuwa wako ukiwa afisa wa zamu, lakini papo hapo simu zinaanza: mashirika ya ndege, mnara, watoa huduma za ardhini, kampuni ya mafuta, mkandarasi anayedai hakupewa taarifa. Hakuna hata mmoja wao anayekupigia saluti. Wengi wana mikataba na wanajua thamani ya kila dakika. Mwajiri anataka kujua kama utaushikilia uamuzi wako na bado uwaeleze watu hao kwa utulivu, au utapaza sauti. Basi tafuta katika utumishi wako mfano wa kuwashawishi watu wasiokuwa chini yako: marubani wa kikosi kingine, wahandisi wa ujenzi, wazabuni wa nje. Mfano mmoja wa aina hiyo unazidi orodha nzima ya kozi za uongozi.

Linalofuatana na hilo ni namna ya kushughulikia makosa. ICAO ina Kiambatisho cha 19 kuhusu usimamizi wa usalama, kilichoanza kutumika Novemba 2013, na viwanja vilivyoidhinishwa vinatakiwa kuwa na mfumo wa kutambua hatari kabla hazijaleta ajali. Mfumo huo unakula taarifa. Dereva wa gari la mizigo aliyeingia kwenye kiungio bila ruhusa kwa bahati mbaya anatiwa moyo aseme mwenyewe, na akisema haadhibiwi, isipokuwa kama alifanya makusudi au kwa uzembe uliokithiri. Kwa askari aliyezoea kuona kosa likiishia kwenye mashtaka ya nidhamu, hili linaweza kuonekana ulegevu. Si ulegevu hata kidogo: aliyenyamaza leo ndiye atakayekutana na ndege kesho. Ukiwa uliwahi kupokea taarifa za namna hii kikosini na kuzifanyia kazi bila kumtia mtu korokoroni, lieleze hilo kwa kirefu.

Dharura nazo ni eneo la nguvu. Viwanja vya raia kwa kawaida hufanya zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka miwili, na zimamoto wanatakiwa kufika sehemu yoyote ya njia inayotumika ndani ya dakika tatu, huku ikipendekezwa ziwe mbili. Aliyewahi kupanga zoezi kama hilo, akaliendesha na kuandika ripoti ya mapungufu yake, ana kitu cha kuweka mezani. Askari wa zimamoto, kwa upande wao, wajiandae kwa tofauti ya ndege yenyewe: badala ya rubani mmoja juu ya kiti cha kujirusha na silaha chini ya mabawa, ni mamia ya abiria wanaotaka kutoka kwa pamoja.

Yapo yasiyohamishika. Nyaya za kunasa ndege, kujaza mafuta injini zikiunguruma, maegesho ya ndege zilizopakia mabomu: usiyape nafasi kubwa, viwanja vingi vya raia havina kazi nayo. Ujuzi wa silaha haukupi ruhusa ya kushughulikia mizigo hatari ya kibiashara, ambayo ina mafunzo yake.

Waongoza ndege wana habari tofauti kabisa, maana kwao leseni ipo. Kiambatisho cha 1 kinataka mtu awe na umri usiopungua miaka 21, cheti cha afya cha daraja la tatu, na ustadi wa lugha ya mawasiliano usiopungua ngazi ya 4 kati ya 6. Kibali cha kuongoza kinafifia kama hukitumii: mamlaka hupanga muda wake, nao hauwezi kuzidi miezi sita. Askari anayestaafu, akapumzika mwaka mzima ndipo aanze kuulizia, anakuwa amejiongezea mlima. Nenda kwenye mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako ukiwa bado na sare, uulize ni sehemu gani ya mafunzo ya jeshi wanayoikubali. Ukishindwa kurudi mnarani, bado upo ukumbi wa mipango ya safari kwenye mashirika ya ndege: miaka miwili ya kuongoza ndege ni mojawapo ya uzoefu unaotambuliwa kwa leseni ya afisa uendeshaji safari, pamoja na siku 90 za kazi chini ya usimamizi.

Kuhusu vyeti vya ziada, kuna mpango wa menejimenti ya viwanja unaoendeshwa kwa pamoja na ICAO na Baraza la Kimataifa la Viwanja vya Ndege, ACI, na unaheshimika. Hata hivyo, ningeshauri uusome ukiwa umeshaingia kazini. Kukusanya vyeti nje ya uwanja hakumfurahishi mwajiri kama mtu anayejua zamu ya usiku inavyoendeshwa. Na usione haya kuanza kama afisa wa zamu wa eneo la ndege hata kama ulikuwa meja.

Limebaki suala la siri na karatasi. Idadi ya ndege za kivita, utayari wa kikosi na udhaifu wa kiwanja si mambo ya kuandika popote, kwa hiyo peleka wasifu wako kwa wenye dhamana ya usalama wa taarifa waupitie kwanza. Kisha kusanya kumbukumbu za mafunzo, daftari la zamu unaloruhusiwa kunakili, na barua iliyokupa mamlaka ya kufunga na kufungua njia, vyote vikiwa na saini na mhuri wa kikosi. Ziombe kabla ya siku ya kukabidhi vifaa. Baada ya hapo utaziomba kama raia mwingine yeyote, kwa kuandika barua na kusubiri majibu.