Minyoo ya kuku na dawa za miti shamba: yanayosemwa na ukweli wake

Wafugaji wenzangu, kwenye hili la minyoo kila mtu ana jani lake, kuna wa mwarobaini, kuna wa mbegu za papai, na wale wa kitunguu saumu ndo hawaambiliki kabisa. Mimi sipingi miti shamba, ipo inayosaidia kweli, ila mengine yanayozungushwa yanamaliza kuku wa watu.

"Kuku akiharisha damu ana minyoo, mchemshie mwarobaini." Naanza na hii maana ndo inaniudhi kuliko zote. Vifaranga wa wiki 3 mpaka 6 hivi wakiharisha damu, wamejikunyata, mabawa yameshuka, mara nyingi hiyo ni koksidiosisi, inaletwa na kijidudu kinaitwa Eimeria ambacho hata kwa macho hukioni, sio mnyoo. Kinaharibu ukuta wa utumbo ndani ya siku chache tu, kwa hiyo wewe unachemsha majani huku banda linaisha. Dawa kama amproliamu zipo kwenye maduka ya mifugo, wahi. Mdondo nao hivyohivyo, ule ni virusi, hauna jani wala kidonge, ni chanjo basi.

"Mbegu za papai zinatoa minyoo yote." Hapa ukweli upo ila nusu. Utomvu wa papai bichi una vimeng'enya vinavyokula ngozi ya nje ya mnyoo, mbegu nazo zina kemikali kali ya jamii moja na ile inayoipa haradali ukali wake, na kuna majaribio kwa kuku yaliyoonyesha minyoo duara inapungua. Inapungua jamani, sio inaisha. Shida nyingine ni dozi, papai bichi na bivu haziko sawa, mbegu mbichi na zilizokaushwa haziko sawa, halafu ukizichanganya kwenye pumba jogoo mbabe anafukuza wenzake anajaza tumbo, yule mnyonge mwenye minyoo mingi ndo hapati kitu. Mbegu za maboga ni habari hiyohiyo.

"Pilipili kichaa inaunguza minyoo." Ndege hausikii ule ukali wa pilipili kama sisi, miili yao haiitikii, ndo maana unakuta ndege wa porini wanazila vizuri tu na kusambaza mbegu. Kwa hiyo kuku kunywa maji ya pilipili bila kulalamika sio ushahidi kwamba kuna kazi inafanyika huko ndani.

"Cha asili hakina madhara." Nani kasema? Tumbaku ina nikotini na hiyo ni sumu, na bado kuna watu wanaloweka majani yake wakawanywesha kuku! Utupa ndo ule mmea wanaovulia samaki kwa kuwalevya, leo mtu anakwambia utie kwenye maji ya kuku. Hata mwarobaini ukizidisha maji yanakuwa machungu wanagoma kunywa, na kuku wa mayai asipokunywa vizuri kipindi cha joto utagaji unashuka, alafu utasikia "minyoo imezidi" anaongezewa tena.

"Ukishawapa dawa umemaliza." Hii wanakosea wa majani na wa dukani pia. Minyoo duara mikubwa, Ascaridia, mayai yake yanatoka na kinyesi, kwenye maranda yenye unyevu na joto yanakomaa kama wiki 2 tu, kuku anadonoa anayameza, na baada ya wiki 5 mpaka 8 minyoo mipya nayo inataga. Mayai hayo yanakaa kwenye udongo miezi na miezi. Sasa unatibu kuku banda likiwa chafu unategemea nini? Toa maranda yaliyolowa, hasa pale chini ya vyombo vya maji, panua nafasi, banda lipate jua na hewa, vifaranga usiwachanganye na wakubwa. Tegu ndo wana njia yao nyingine, kuku anawapata akila sisimizi, mbawakawa, nzi au konokono waliobeba tegu wachanga, kwa hiyo kuku wa kujitafutia atapata tu hata ukimlisha kitunguu saumu kila siku. Na wenye bata mzinga msiwaweke na kuku, kuna minyoo midogo ya kuku inabeba ugonjwa unaoharibu ini la bata mzinga, wanakufa wengi.

Kama unataka kujua jani lako linafanya kazi, peleka kinyesi maabara ya mifugo wahesabu mayai ya minyoo kabla na wiki 2 baada ya kuwapa. Au siku ukichinja pasua utumbo, Ascaridia utaiona, nyeupe kama tambi, sentimita 5 mpaka 12. Ukikuta imejaa achana na majani kwanza, kachukue dawa ya dukani na uulize siku ngapi zipite kabla ya kula au kuuza mayai na nyama.